Umbali Hakuna, Muda Saa Sita

Mtaani walimwita Kilomita, na jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya meza ileile katika ofisi ya tiketi za ndege, kwenye ghorofa ya chini ya jengo ambalo juu yake palikuwa na madaktari wa meno. Watu waliingia wameshika mashavu, wakauliza ngazi ziko wapi, na wengine waliingia wameshika pasi za kusafiria. Hao wa pili ndio walikuwa wake. Ukimtajia mji wowote duniani wenye uwanja wa ndege, hakufungua kitabu. Alifumba jicho moja kama fundi anayepima mbao, kisha akasema: kilomita elfu tano mia sita na kidogo, saa saba hewani, ongeza nusu saa kama kuna upepo wa mbele.

Maarifa hayo hakuyatoa hewani. Dirishani palikuwa na tufe la dunia, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na kwenye saraka alikuwa na uzi mweupe aliouwekea alama za wino kila kilomita mia tano. Mteja akitilia shaka, alinyoosha uzi kutoka mji hadi mji. Wengi walishangaa kuona njia fupi inapinda kuelekea kaskazini, ilhali kwenye ramani ya ukutani ingekuwa mstari ulionyooka. Aliwaambia ramani ni dunia iliyopigwa pasi, na kitu kilichopigwa pasi kila mtu anajua kinadanganya umbo. Binti yake, mtoto pekee aliyejaliwa, alikuwa akija ofisini baada ya shule na kushika ncha ya pili ya uzi. Yeye huku, mtoto kule, dunia katikati yao. Hakuna aliyeona jambo lolote baya katika mchezo huo.

Lakini kilichomletea heshima hasa hakikuwa uzi. Ilikuwa penseli.

Katika mwaka wake wa pili kazini alimkatia tiketi mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe. Tiketi ilisema 07:00. Mama alisoma saba, na saba kwake ilikuwa saa saba, jua la utosi, kama ilivyokuwa saba ya mama yake na ya bibi yake. Akafika uwanjani saa tano na nusu mchana, ametangulia vizuri kabisa, na sanduku lake limefungwa kamba. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa moja asubuhi. Alirudi ofisini kesho yake, hakugomba, aliketi tu kwenye kiti cha wateja akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, saba yenu na saba yangu zilitengana lini?"

Swali hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Tangu siku hiyo hakuna bahasha ya tiketi iliyotoka mezani pake bila maandishi ya penseli chini ya tarakimu: 07:00, saa moja asubuhi. 15:00, saa tisa mchana. 18:00, saa kumi na mbili jioni. Vijana wa ofisini walimcheka kwamba anafundisha watu wazima saa. Yeye aliendelea kuchonga penseli.

Mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Kulikuwa na punguzo kwa wafanyakazi, lakini kila mwaka lilikutana na jambo: ada, paa, ugonjwa wa mama mkwe. Mkewe alikuwa akisema mume wake ni kizingiti cha mlango, kila mtu anavuka juu yake akienda zake. Alisema hivyo akicheka, na mume alicheka pia.

Tiketi aliyoikata kwa moyo mzito kuliko zote ilikuwa ya binti huyo. Kilomita elfu nane mia tatu na kumi. Kwenda, saa kumi na dakika ishirini. Aliandika kwa penseli kama kawaida, ingawa abiria alikuwa mtoto aliyefundishwa saa kwenye meza hiyohiyo. Kwenye lango la uwanja wa ndege, kwa kukosa la kusema, alimwambia, "Kurudi ni saa tisa na dakika arobaini tu. Upepo unakuwa mgongoni. Kurudi ni karibu kuliko kwenda, mama."

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Katika mwaka wa nne mkewe alifariki, na binti hakuweza kuja kuzika kwa sababu karatasi zake za kuishi kule zilikuwa bado mezani kwa mtu. Akitoka, angefungiwa nje. Alilia kwenye simu hadi simu ya baba ikapata joto sikioni. Katika mwaka wa sita watu walianza kununua tiketi wakiwa wamelala kitandani, simu mkononi, na ofisi ikafungwa. Kilomita alipewa barua ya shukrani na akaomba saa moja ya ukutani. Aliitundika sebuleni, pembeni ya ile ya nyumbani, akairekebisha kwa majira ya kule aliko binti. Mshale wa sekunde wa saa zote mbili ulikwenda pamoja, tik, tik. Ilikuwa mishale mifupi tu iliyoelekea kusikoelewana.

Aliishi katika nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya tangi kubwa la maji, chumba kimoja na sebule. Asubuhi alifagia, akapiga deki mahali ambapo hapakuwa pamekanyagwa. Alipika kwa kikombe kilekile cha kupimia, kisha kila siku akakuta chakula kimebaki cha mtu mmoja na nusu, maana mkono ulikuwa haujajifunza. Jirani yake alikuwa fundi wa cherehani, mwanamke mjane, rafiki wa marehemu mkewe, na kwa hiyo waliitana shemeji. Huyo ndiye pekee aliyekuwa bado anamtania. "Shemeji Kilomita," angemuuliza mdomo umejaa pini, "kutoka hapa hadi kwa muuza mkaa ni saa ngapi hewani?" Naye angejibu kwamba uwanja wa muuza mkaa umefungwa kwa sababu ya moshi.

Siku moja, miezi mitano kabla ya haya ninayosimulia, binti alipiga simu akasema jana alikuwa hoi, alilala saa kumi na moja. Baba akashtuka. Saa kumi na moja alfajiri? Alikuwa anafanya nini usiku kucha? Binti akacheka cheko la mtu aliyekamatwa. "Kumi na moja ya huku, Baba. Saa tano. Nimezoea, nisamehe." Wakaendelea na mazungumzo mengine. Lakini simu ilipokatika Kilomita alikaa akitazama saa mbili za ukutani. Kilomita elfu nane alikuwa amezizoea, zilikuwa na namba. Hili halikuwa na namba. Mtoto aliyeshika ncha ya uzi wake sasa alikuwa analala katika saa nyingine.

Ndipo ukaja ujumbe. Kazi ilikuwa inamtuma binti kwenye mkutano nchi nyingine, na njia ilipita hapa. Hakuwa na siku ya kulala, mkutano ulianza kesho yake, lakini katikati ya ndege mbili alikuwa na nafasi ya kutoka nje. Aliandika: "Baba nitakuona. Jumanne. Natua saa tisa, naondoka saa kumi na mbili. Usilete kitu, njoo wewe."

Aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyopata kusoma kitu chochote. Na kadiri alivyousoma ndivyo penseli ya moyoni ilivyoanza kufanya kazi yake ya miaka. Saa tisa ipi? Ingekuwa ya kwetu, basi ni saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Ingekuwa ya kule, ni 09:00 hadi 12:00, yaani saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Zote mbili zilikuwa saa za kawaida za ndege. Na enzi zake palikuwa na ndege ya asubuhi kutoka upande huo, aliiuza miaka kumi na minane.

Alimwonyesha shemeji ujumbe. Yeye hakutoa hata mguu kwenye pedali. "Saa tisa ni saa tisa," alisema. "Si anakuandikia Kiswahili?"

Kilomita alimweleza habari ya kumi na moja, na kwamba mtoto siku hizi anahesabu za kule.

"Basi muulize, shemeji. Kuuliza si ujinga."

Hakutaka kumuuliza. Sababu moja ilikuwa kiburi, na hiyo aliijua: mtu wa miaka thelathini na mmoja kazini aulize saa ya ndege kama abiria wa mara ya kwanza? Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kumuuliza "saa tisa ipi" ilikuwa sawa na kumwambia: najua umezipoteza saa zetu. Alikumbuka lile cheko la kukamatwa. Hakutaka kumkamata tena. Aliona bora amfuate kimyakimya hukohuko aliko. Akachukua penseli, akaandika nyuma ya bahasha ya zamani: 09:00, saa tatu asubuhi. Akajibu, "Nitakuwepo."

Jumanne alivaa koti la kijivu alilokuwa akivaa ofisini. Saa mbili na nusu alikuwa ameshafika uwanjani, akachagua benchi lililokuwa karibu na nguzo ya duara, mkabala na mlango wa kutokea abiria. Alituma ujumbe kueleza mahali alipoketi. Ujumbe ukabaki na alama moja, haujafika. Akajua bado yuko hewani. Saa tatu na dakika tano ubao ukaandika kwamba ndege ya upande ule imetua. Alisimama, akalivuta koti chini, akasimama vile kwa dakika arobaini.

Walitoka wanaume wenye mifuko myembamba ya kompyuta. Ikatoka familia yenye mikokoteni mitatu. Alitoka msichana mwenye mwendo wa mkewe, naye Kilomita akainua mkono, na msichana akaangalia nyuma yake kuona nani anapungiwa. Mlango uliendelea kujifungua na kujifunga, kisha ukawa unajifungua kwa wafagiaji tu.

Saa nne alimwendea dada wa dawati la maelezo. Akaambiwa kwa adabu kwamba majina ya abiria hayatolewi, baba. Alijua. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu hivyo miaka yote, kwa adabu ileile, na hakuwahi kuwaza wakitoka pale wanakwenda kukaa wapi. Alirudi kwenye benchi. Ubao wa kiti ulikuwa na ufa upande wa kushoto uliovuta nyuzi za koti kila alipogeuka kutazama mlango.

Saa sita ilipogonga alijua, au alidhani anajua. Mtoto alikuwa amekaa ndani. Pengine foleni ya muhuri ilikuwa ndefu. Pengine alikuwa na wenzake wa kazini na akaona taabu kutoka kwa ajili ya mzee mmoja. Saa tatu nzima ukuta tu ndio uliowatenganisha, na hakutoka. Alisubiri dakika kumi za adabu. Akiwa kwenye foleni ya usafiri wa kurudi mjini alitoa simu, ujumbe bado ulikuwa na alama moja, akaona mtoto hata simu hakuiwasha, naye akaizima yake. Hakutaka kusikia maelezo. Maelezo yangekuwa mazuri, mtoto alikuwa na akili, naye angelazimika kusema haidhuru.

Nyumbani mlango wa shemeji ulikuwa na kufuli, alikuwa amepeleka sare za shule. Kilomita alilitundika koti, akajilaza na soksi zake, na usingizi ukamchukua kama unavyomchukua mtoto aliyechapwa.

Kilichomwamsha ni ngumi mlangoni. Alikuwa shemeji, mabegani ana futi ya kupimia, usoni ana mshangao.

"Nimeona viatu vyako nje," alisema. "Mbona umerudi mapema hivi? Ndege si ya saa tisa?"

"Nilikwenda asubuhi. Hakutoka."

Shemeji alimtazama kama mtu anayetazama nguo iliyokatwa vibaya, akitafuta pa kuiokolea. "Asubuhi ulifuata nini?" akauliza taratibu. "Sasa hivi ni saa kumi na dakika arobaini."

Kilomita aliwasha simu. Ilichukua muda wake kuamka, ikatetemeka mkononi mara sita mfululizo. Baba nimetua, nasubiri muhuri. Baba nimetoka, nimeona nguzo, sikuoni. Umeenda msalani? Baba simu yako imezimwa. Dada wa maelezo anasema asubuhi alikuja mzee mwenye koti la kijivu akakaa hapa saa tatu nzima. Na wa mwisho: Baba, nimekaa palepale.

Wa kwanza ulikuwa wa saa tisa na dakika nane. Mchana.

Alipiga. Ikapokelewa kabla haijalia.

"Baba."

"Mama."

Kutoka hapo hadi uwanjani ni kilomita kumi na tisa, na kwa foleni ya jioni ni saa nzima. Saa kumi na moja binti alitakiwa awe ameshaingia ndani. Wote wawili walijua hesabu hiyo.

"Uliandika saa tisa," alisema baba.

"Saa tisa ya mchana. Niliandika saa yetu. Nilihesabu kwa vidole, Baba, nikasema safari hii asinikamate."

"Nilidhani ni tisa ya kule."

"Ningekuandikiaje wewe saa ya kule?"

Mlangoni shemeji alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Binti akauliza mbona simu ilikuwa imezimwa, na baba akasema betri iliisha. Alilisema haraka, likapita.

Kisha baba akamuuliza kama benchi lina ufa upande wa kushoto. Binti akasema linao, umekwishamvuta nyuzi za shali.

"Na mimi koti langu," alisema Kilomita. "Basi ni hilohilo." Akafumba jicho moja bila kukusudia. "Umbali hakuna. Muda, saa sita."

Binti alicheka, na cheko hilo likavunjika katikati likawa kitu kingine. Dakika zilizobaki walizungumza mambo madogo. Bado anapiga deki kila siku? Kule kuna baridi? Baba alimwambia sauti yake imekuwa ya mama yake, na kweli ilikuwa hivyo. Mwishoni, ili asikate simu, akamuuliza amepangiwa kiti gani.

"Ishirini na moja A. Dirishani, kushoto."

"Vizuri," alisema baba. "Mkishapaa mnapinda kushoto. Mtapita juu ya tangi la maji la mtaani kwetu. Tazama chini, nitakuwa hapo."

"Nitatazama. Nitakutafuta, Baba."

Alipokata, alibaki ameishika simu sikioni. Kwa ndege za njia hiyo, kiti cha ishirini na moja kiko juu ya bawa. Aliwakataza wateja wake kukichagua miaka nenda miaka rudi: ukitazama chini unaona bati jeupe tu, ardhi huioni hata ufanyeje. Alilijua hilo kabla binti hajamaliza kusema herufi A.

Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa chini ya tangi. Shemeji alimfuata na jora la kitambaa cha manjano cha mteja, akamwonya kwamba kikigusa tope atakishona yeye. Wakashika ncha huku na ncha kule, wakakinyoosha. Ikapita ndege ya kwanza, wakakitikisa kwa nguvu zao zote, shemeji akiruka kidogo, mpaka Kilomita akatazama saa yake na kusema hiyo ni ya mizigo. "Basi nimewasalimu mizigo," alisema shemeji.

Ya pili ilikuja saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Ilipinda kushoto kama alivyosema, na jua la jioni likalishika bawa lake, pana, jeupe, limetandazwa juu ya vichwa vyao. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili juu ya kichwa mpaka mabega yakawaka. Sauti ilipokwisha aliendelea kukishika. Shemeji hakumharakisha. Baadaye alianza kukikunja kutoka upande wake, mkunjo baada ya mkunjo, akimjia, mpaka akafika mikononi mwake na kukichukua.

Asubuhi, kabla ya kufagia, alitazama simu. Ujumbe ulikuwa umeingia tangu usiku.

"Nimetua salama, saa tano usiku ya kwetu. Nilikuona Baba. Nilikuona unapunga mkono."

Aliusoma amesimama katikati ya saa zake mbili. Mkono hakuupunga. Mikono yote miwili ilikuwa na kitambaa.

Akatafuta miwani, akaketi, na kwa kidole kimoja akamwandikia: "Na mimi nilikuona."